Mpira wenye chubwi na kiwiko cha miaka 16

Kijana ana miaka 16, ni wa Likoni, hurusha kwa mkono wa kulia, na katika kikundi kidogo cha besiboli anachochezea ndiye anayetegemewa kufungua kila mechi. Alikuja na malalamiko mawili: maumivu ya kiwiko kwa upande wa ndani, na mkono usionyooka vizuri anapoamka. Mwanzoni kiwiko kilimuuma baada ya mazoezi tu. Baadaye kikaanza kuuma akibeba ndoo ya maji, halafu akifungua kifuniko cha chupa, na hapo ndipo mjomba wake, mvuvi wa Mtongwe, alipomleta. Nilipomuuliza kijana amebadilisha nini katika mazoezi yake, alisema hakuna. Mjomba akamkatiza: "Mwambie dakta ukweli, mwanangu. Chubwi zangu zaenda wapi?"

Zilikuwa ndani ya mpira. Kijana alikuwa ameona kwenye simu warushaji wa Marekani wakifanya mazoezi na mipira ya besiboli ya uzito tofauti, mingine myepesi kuliko wa kawaida na mingine mizito mno, kwa nia ya kuongeza kasi ya mkono. Seti kama hizo huanzia aunsi 2, yaani gramu 57, hadi aunsi 32, zaidi kidogo ya gramu 900. Yeye hakuwa na seti wala pesa za kuiagiza, lakini alikuwa na mipira ya tenisi, mchanga wa pwani na risasi za kuzamishia mshipi za mjomba wake. Akatengeneza yake, akaanza programu ya majuma sita peke yake, jioni baada ya alasiri.

Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimeulizwa na makocha wa kriketi, mpira wa mikono na hata mkuki: je, kurusha kitu kizito huongeza nguvu za kurusha? Jibu limo ndani ya kiwiko cha kijana huyu, na linataka kupimwa kipande kwa kipande.

Tulianza na mipira yenyewe. Tulimwomba ailete yote, tukaipima moja moja kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni. Mpira wake halisi wa besiboli ulikuwa na gramu 146, ndani ya kanuni, kwani kanuni inataka aunsi 5 hadi 5.25, sawa na gramu 142 hadi 149. Wa pili ulikuwa mpira wa tenisi aliouchana kwa kisu, akaujaza mchanga, akaushona kwa uzi wa mshipi na kuuzungushia tepu ya umeme: gramu 241. Wa tatu ulikuwa chubwi zilizofungwa kwa kitambaa na kukazwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli: gramu 468, zaidi ya mara tatu ya mpira wa mechi.

Kijana ni mwangalifu kuliko nilivyotarajia. Ana daftari, na ndani yake ameandika uzito wa ule mpira wa mchanga kama alivyoupima dukani siku aliyoushona: gramu 270. Mizani ya duka haikumdanganya. Mchanga aliuzoa ukiwa mbichi, maji yakakauka kidogo kidogo kupitia mshono, na kwa muda wote wa programu alikuwa akirusha mpira ambao uzito wake unabadilika bila yeye kujua. Ule wa chubwi ulikuwa na tatizo jingine. Risasi zilikuwa hazikukaa katikati, zikicheza ndani ya kitambaa, na kila akirusha ilibidi vidole vikaze zaidi kuuzuia usipinduke. Misuli ya kukaza vidole na kukunja kifundo cha mkono inaanzia kwenye kifundo kile kile cha mfupa wa kiwiko kilichokuwa kikimuuma. (Risasi pia ni sumu. Tulimwambia anawe mikono kwa sabuni kila anapozishika na asiziweke karibu na chakula, na mjomba naye tulimwambia hivyo hivyo.)

Swali la pili lilikuwa kama mazoezi yalimzidishia kasi. Yeye hakuwa na shaka yoyote. Daftari lilisema kilomita 117 kwa saa kabla ya programu, na 124 baada ya majuma manne. Ongezeko la kilomita saba kwa mwezi ndilo lililomfanya aendelee kurusha huku kiwiko kinauma, na ndilo alilotuonyesha kwa fahari. Tukamuuliza alipimaje. Rafiki yake alimpiga video kwa simu, wakahesabu fremu tangu mpira unapotoka mkononi hadi unapofika kwa mdakaji, wakagawanya umbali kwa muda. Wazo ni zuri sana, na nilimpongeza. Tulikaa naye tukapiga hesabu upya pamoja.

Simu hiyo ilikuwa imewekwa kupiga fremu 30 kwa sekunde. Mara ya kwanza mpira ulichukua fremu 17, mara ya pili fremu 16. Chukua umbali wa mita 18.44, ambao ndio umbali rasmi toka kwa mrushaji hadi kwenye bamba lililo chini mbele ya mdakaji: fremu 17 zinatoa kilomita 117, fremu 16 zinatoa 124. Baina yake hakuna namba nyingine. Fremu moja, yaani sehemu moja ya thelathini ya sekunde, ndiyo iliyobeba ongezeko lote, na fremu moja inaweza kupotea kwa sababu tu mpira ulikuwa tayari umeacha vidole wakati picha inapigwa. Isitoshe, mrushaji haachii mpira akiwa amesimama pale anapoanzia. Hatua ya huyu humpeleka mbele karibu mita 1.6, kwa hivyo mpira husafiri mita 16.8 hivi. Ukitumia umbali huo, fremu 17 ni kilomita 107 na fremu 16 ni kilomita 113.

Huenda kasi iliongezeka kweli. Huenda haikuongezeka hata kidogo. Kipimo chake hakikuwa na uwezo wa kutofautisha, na hilo lilimuuma kuliko kiwiko. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Kwa hivyo nimejiumiza bure?" Nilimwambia kwamba daftari lake lina thamani, na kwamba simu nyingi sasa hupiga fremu 240 kwa sekunde ukichagua mwendo wa polepole. Kwa fremu hizo, kukosea fremu moja hakufiki asilimia moja ya kasi. Akipona tutapima hivyo.

Mazoezi ya mipira mizito yanaweza kuongeza kasi, na sitaki msomaji afikiri nayapinga kwa ushabiki. Coop DeRenne, aliyefanya kazi hii Hawaii, alitumia mipira ya aunsi 4, 5 na 6, yaani gramu 113, 142 na 170, asilimia 20 tu juu na chini ya mpira wa kawaida, na warushaji wake waliongeza kasi. Mwaka 2018 Michael Reinold na wenzake walichapisha utafiti wa majuma sita kwa warushaji 38 wa umri wa miaka 13 hadi 18. Nusu walitumia mipira ya aunsi 2 hadi 32, nusu walifanya mazoezi ya kawaida. Waliotumia mipira mizito waliongeza kasi kwa asilimia 3.3. Katika kundi hilo hilo asilimia 24 waliumia, wengine wakati wa programu na wengine katika msimu uliofuata, na majeraha yalikuwa ya kiwiko: mifupa iliyopasuka kwa kuchoshwa, na kano ya ndani, ile inayoshikilia mifupa ya kiwiko, iliyochanika. Katika kundi la pili hakuumia hata mmoja.

Asilimia 3.3 kwa kijana huyu ingekuwa kilomita tatu na nusu kwa saa. Anayetaka kuziweka mizani moja na hatari ile anazo namba.

Katika utafiti huo kuna kipimo kingine ambacho kwangu ndicho kinachofafanua kisa chote. Bega la waliotumia mipira mizito liliongeza uwezo wa kuzungukia nyuma kwa nyuzi 4.3. Mrushaji anapovuta mkono kabla ya kuachia, kigasha hulala nyuma hadi karibu kuwa sambamba na ardhi, na kadiri kinavyolala zaidi ndivyo mkono unavyopata njia ndefu ya kuongeza mwendo. Kasi inaweza kutoka hapo. Lakini katika nukta hiyo hiyo kiwiko huvutwa kufunguka upande wa ndani. Vipimo vya maabara kwa warushaji watu wazima vinaonyesha msokoto wa takriban Newton-mita 64 kwenye kiwiko kwa kila mrusho wa nguvu, na kano ya ndani ikijaribiwa peke yake huachia karibu nusu ya hapo. Kinachoiokoa ni misuli ya kigasha inayokaza kwa wakati. Misuli ikichoka, mzigo unabaki kwa kano. Na kwa kijana ambaye bado anakua, kabla ya kano kuchanika kuna kitu dhaifu zaidi: gegedu la ukuaji, yaani sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, pale kifundo cha ndani kinapoungana na mfupa wa mkono wa juu.

Ndiyo sababu tuliomba eksrei ya viwiko vyote viwili, cha kulia na cha kushoto, bega kwa bega. Ukipiga kimoja tu huna cha kulinganisha. Gegedu lake lilikuwa bado wazi, na la kulia lilikuwa pana kuliko la kushoto. Hakukuwa na kipande cha mfupa kilichong'oka, na kiwiko hakikulegea tulipokisukuma kwa upande. Wavulana wengi hufunga gegedu hilo kati ya miaka 15 na 17. Yeye alikuwa bado, na bahati yake ni kwamba alikuja kabla halijang'oka.

Aliuliza kama si angeweza tu kufanyiwa ule upasuaji wa Tommy John, maana amesikia wanaofanyiwa hurudi na mkono wenye nguvu kuliko mwanzo. Vijana wengi wanaamini hivyo. Daktari Frank Jobe aliufanya upasuaji huo kwa mara ya kwanza mwaka 1974, akachukua kano kutoka kwenye mkono mwingine wa Tommy John, mrushaji wa besiboli wa Marekani, na kuipandikiza kiwikoni. Ulinusuru kazi ya mrushaji ambaye kano yake ilikuwa imekwisha. Hauongezi nguvu, na mrushaji hukaa mwaka mzima au zaidi kabla hajarudi kwenye mechi. Nguvu wanayoiona watu hutoka kwenye miezi yote hiyo ya mazoezi ya mwili mzima, ambayo kijana anaweza kuyafanya bila kisu.

Halafu kulikuwa na hesabu ya mirusho. Programu ya mipira aliifanya Jumatatu na Jumatano. Jumamosi ni mechi, ambapo hurusha zaidi ya mirusho 80. Jumapili ni kriketi ya mtaani kwa mpira wa tenisi uliofungwa tepu, na kwa kuwa ana mkono mzuri ndiye anayewekwa mbali kurudisha mpira. Usiku wa Ijumaa humsaidia mjomba kuvuta mshipi na nyavu, kazi ambayo ni kukaza vidole tangu mwanzo hadi mwisho. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na wasimamizi wa besiboli wa Marekani, unasema mrushaji wa miaka 15 au 16 asizidishe mirusho 95 kwa siku, na akipita 75 apumzike siku nne. Yeye hakuwa na hata siku mbili mfululizo bila mkono huo kufanya kazi. Nilipomwandikia juma lake kwenye karatasi moja, mjomba aliitazama muda mrefu akasema, "Hata mashua huipumzisha."

Ningeulizwa nichague kosa moja lililomuumiza, nisingechagua mpira wa gramu 468. Ningechagua kwamba alipoongeza mzigo mpya hakupunguza chochote cha zamani. Uzito wa mpira uliharakisha tu.

Tiba ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuifuata: majuma sita bila kurusha chochote, wala jiwe la kuangulia embe. Hakuna kuvuta mshipi. Hakuna dawa ya maumivu ili acheze. Mama yake alitaka aendelee kuchuliwa kwa mafuta ya simsim kama alivyokuwa ameanza, nikamwomba mchuaji abaki begani na mgongoni, asiguse kabisa kile kifundo cha ndani. Alikubali bila ubishi.

Mikono ilipumzika, mwili haukupumzika. Nguvu ya mrusho huanzia miguuni, hupanda nyongani, hupita kiunoni na kiwiliwilini, ndipo ifike begani. Mkono hupokea na kuachia. Kijana huyu alikuwa hawezi kuchuchumaa kwa mguu mmoja bila goti kuingia ndani. Tulianza hapo.

Kwa bega tulihitaji namba, na kifaa tulichotumia ni mizani ya kuning'iniza ya mjomba, ile ya kupimia samaki. Unamlaza kijana chali, kiwiko kimekunjwa, kamba ya mizani kwenye kifundo cha mkono, mwenye kupima anashika upande wa pili. Anavuta kwenda mbele, unaandika. Anavuta kwenda nyuma, unaandika. Mbele alivuta kilo 12, nyuma kilo 6.5. Misuli ya nyuma ya bega ndiyo inayoufunga mkono breki baada ya mpira kutoka, na inatakiwa iwe na angalau theluthi mbili ya nguvu ya mbele. Yake ilikuwa asilimia 54. Tuseme wazi: alikuwa na injini inayozidi breki, halafu akaongeza mafuta. Mazoezi yalikuwa ya tyubu ya baiskeli iliyofungwa dirishani, kuvuta kombe la bega nyuma na kuzungusha kigasha nje, mara chache kwa juma lakini kila juma.

Alirudi kurusha aliposhinda mambo matatu kwa siku moja: kifundo cha ndani cha kiwiko hakiumi kikibonyezwa, mkono unanyooka sawa na wa kushoto, na kukunja kifundo cha mkono dhidi ya mkono wangu hakuleti maumivu. Alianza kwa mpira wa kawaida, mita 14, siku moja ndiyo siku moja hapana. Kisha mita 18, kisha 27, kisha 37. Kila hatua ilirudiwa, na maumivu yoyote ya kiwiko yalimrudisha hatua moja nyuma. Alirudishwa mara moja, pale kwenye mita 27, na alilisema mwenyewe bila kuulizwa. Kwangu hilo lilikuwa ishara nzuri kuliko mita zenyewe.

Kwa sasa anarusha mechi, mwisho mirusho 45, na siku hiyo hafanyi kriketi wala mshipi. Mizani ya samaki inasoma kilo 12.4 mbele na 8.6 nyuma. Video ya fremu 240 inampa kilomita 109 kwa saa, na hiyo ndiyo namba yake ya kwanza ninayoiamini. Mipira mizito hagusi mpaka eksrei ionyeshe gegedu limefunga. Hilo hatukulijadili sana.

Tulilojadili sana ni kocha wake. Ni mtu anayewapenda vijana wake, na aliuliza kwa haki kama basi mipira mizito ni marufuku kwa wote, maana ana mrushaji mwingine wa miaka 19 anayetaka kuitumia na ambaye hajawahi kuumwa. Sikuona sababu ya kumkatalia. Tulimpima kama tulivyompima mwenzake: gegedu limefunga, nguvu ya nyuma ya bega ni asilimia 71 ya ile ya mbele, anachuchumaa kwa mguu mmoja bila kuyumba, na msimu umekwisha, kwa hivyo hakuna mechi za kujumlisha.

Mpira wa gramu 170 hatukuupata, na hatukuuhitaji. Mpira wa kriketi uko kila mahali Mombasa. Uzito wake ni gramu 156 hadi 163, asilimia kumi hivi juu ya wa besiboli, na mzingo wake ni sentimita 22.4 hadi 22.9 dhidi ya 22.9 hadi 23.5, karibu sawa mkononi. Umetengenezwa kiwandani, uzito umekaa katikati, haubadiliki ukikauka. Mshono wake ni tofauti, basi hatumfundishi nao mirusho ya kupinda. Mpira wa tenisi wa gramu 58 tuliuacha kwa sababu ni mwepesi mno. Mkono hukimbia bila kitu cha kuuzuia, na breki ndiyo inayolipa.

Anarusha siku mbili kwa juma zisizofuatana, kwenye ardhi tambarare, mita 15 hadi 18, mirusho 12 ya kriketi kwa nguvu ya kadiri baada ya kupasha mwili joto, kisha mirusho ya besiboli, na yote yanaandikwa kwenye daftari pamoja na kazi nyingine ya mkono aliyoifanya siku hiyo. Mirusho ya mpira mzito inachukua nafasi ya mirusho mingine, haiongezwi juu yake. Ramadhani mazoezi yanahamia baada ya tarawehe, akiwa amekula na kunywa. Bega linapimwa kila majuma mawili: likianza kuzungukia nyuma zaidi huku nguvu ya breki haijapanda nayo, tunasimama hata kama kasi imeongezeka. Na akisikia chochote upande wa ndani wa kiwiko, mpira wa kriketi unarudi mkobani siku hiyo hiyo na tunapima upya.